Petroli au dizeli: joto linavyogeuzwa kuwa mwendo

Ukisimama alfajiri kando ya Barabara ya Ngong na kusogeza kiganja karibu na bomba la moshi la matatu inayonguruma, utahisi joto ambalo mwenye gari amelilipia lakini halimsogezi hata hatua moja. Injini za petroli na za dizeli zote hupoteza hivyo, ingawa si kwa kiwango sawa.

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa takriban mara 10, kisha cheche ya plagi huuwasha. Ukibanwa kupita kiasi, huwaka wenyewe kabla ya wakati na pistoni hugongwa vibaya. Injini ya dizeli hubana hewa tupu, mara 15 hadi 20, nayo hupata moto kiasi kwamba mafuta yakinyunyizwa ndani huwaka bila cheche. Gesi iliyobanwa zaidi hutanuka zaidi inapowaka, na kadiri inavyotanuka zaidi ndani ya silinda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuka kuwa kazi, na ndiyo maana dizeli nzuri hukaribia asilimia 40 huku petroli ya kawaida ikibaki kwenye 30 hivi.

Hakuna fundi awezaye kuifuta hasara yote. Mwaka 1824, Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba kikomo huwekwa na halijoto za upande wa moto na wa baridi: zikiwa kelvini 600 na 300 (kelvini ni kipimo cha halijoto kinachoanzia baridi ya mwisho kabisa), hata injini isiyo na msuguano haigeuzi zaidi ya nusu ya joto kuwa kazi.

Kwa matatu ya kutwa nzima ningechagua dizeli, mradi moshi wake mweusi udhibitiwe. Kwa safari fupi za nyumbani, petroli yatosha.