Masomo bila pointi hapa Bukavu: mtoto anashika, buletini njo fujo

Watu wengi wananiuliza juu ya ile masomo ya prive (shule ya kulipia) ya kule Ibanda yenye iliacha mambo ya pointi, kila mmoja kivyake, acha niandike mara moja. Jina sitaweka, wa Bukavu mtajua tu. Niko na mtoto wa tano primeri pale na mdogo wake wa pili, nalipa mwenyewe, hakuna mtu amenituma.

Kwanza vile inafanya kazi, juu uongo mingi inatembea. Hakuna enterogasyo (test ndogo ya darasani) ya kumi kwa kumi, hakuna wa kwanza hakuna wa mwisho, hakuna ile ya kusoma majina mbele ya watu tarehe 2 mwezi wa saba, mwaka wa masomo ukiisha, na mtoto wa nyuma kabisa anatafuta pa kuficha uso. Kila kozi wameikata vipande vidogo na mbele ya kila kipande kuko neno moja: bado, anakaribia, ameshika. Ameshika anaipata akifikisha 80 kwa 100 ya test ya kile kipande. Kama hakufikisha hapite, wanamurudilia kwa njia ingine, kisha anapewa test ingine, si ileile yenye anakumbuka majibu.

Niwaonyeshe. Huyu wangu wa tano hesabu ilikuwa inamushinda tangu zamani. Walimupa 3/4 + 1/6, yeye akajumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini, akaandika 4/10. (Masomo yake ya zamani wangemupa hata hiyo 4/10 kama pointi, kwa biki nyekundu, na kesho yake mwalimu anaingia lison ingine, maisha inaendelea.) Hapa titileri (mwalimu wake wa darasa) aliandika "bado", na pembeni: "anajumlisha namba za chini bila kuzifananisha kwanza". Kumbe njo hapo alikuwa anakwama, miaka yote hiyo buletini, ile ripoti ya pointi za mtoto, inaniambia tu "hesabu: dhaifu". Siku ya ijumaa wakakaa barazani yeye na wenzake wachache, wakapewa karatasi ndefu, wakaikunja mpaka ikatoa vipande 12 sawasawa, wakapaka rangi robo tatu, wakaona ni 9, wakapaka sehemu moja ya sita, wakaona ni 2, basi 11 kwa 12. Wiki yenye ilifuata test ikawa 2/5 + 1/3, akatoa 11/15 bila kuuliza mtu. Mimi kwa hiyo peke yake nawapa heshima.

Sasa yenye haikunipendeza.

Hiyo njia si ya kwao, ni ya Mmarekani mmoja Benjamin Bloom, aliiandika 1968: shule ya kawaida inafunga muda, lison moja wiki mbili kwa kila mtu, wengine wanashika na wengine hapana, yeye akasema tufunge kiwango, muda ndiyo ulegee. Sawa kabisa. Lakini kwenye mkutano wa wazazi direktere alituwekea kwa ukuta "98 kwa 100" kubwa hivi, wamama wakapiga makofi, na ile 98 Bloom aliisema 1984 juu ya mtoto mwenye kukaa na mwalimu wake peke yake, ya kwamba mtoto wa uwezo wa katikati anapita 98 kwa 100 ya wale wa darasa la kawaida. Kwa darasa zima lenye kufuata hii njia alisema 84. Na wenye walifanya utafiti nyuma yake walipata matokeo madogo kuliko ile 98. Darasa ya mtoto yangu iko na watoto 34 na mwalimu mmoja, 98 inatoka wapi? 84 ingetosha kutuvuta jameni, mlitaka nini tena.

Ya pili, na njo kubwa, ni buletini. Serikali haijui "ameshika". Buletini ya Kongo inataka maxima (pointi za juu kabisa za kila kozi), inataka periodi, egzame, pursantaji, na mitihani ya serikali, ENAFEP ya mwisho wa sita primeri na Egzeta ya mwisho wa sekondari, ni pointi tupu, Egzeta chini ya 50 kwa 100 hakuna diploma. Basi mwisho wa trimestre wanakaa wanageuza zile "bado" na "ameshika" kuwa namba. Kwa kanuni gani? Niliuliza sekretaria akanituma kwa titileri, titileri akanituma kwa direktere, direktere akaniambia ni "kazi ya ndani". Mtoto wa jirani alihamia masomo ingine katikati ya mwaka, akafika na 61 na pale pa nafasi (amekuwa wa ngapi) pamepigwa mstari tu, kule wakamuuliza mama yake kama mtoto alifukuzwa!

Zingine ndogo ndogo. Fishi, yaani zile karatasi za "bado" na "ameshika", zinaandikwa kifaransa kizito mpaka mama mwenye kuuza pale soko ya Nyawera anamuomba mtoto amusomee, na mtoto anasoma yenye anataka. Kulikuwa na wajanja wenye hawasomi test ya kwanza juu wanajua ya pili inakuja, sasa wameweka sheria bila kuonyesha mazoezi yenye umesahihisha hakuna test ya pili, hapo walifanya vizuri. Na mama yangu bado ananiuliza "amekuwa wa ngapi?", nikimuambia hakuna nafasi ananiangalia kama nimemuficha kitu.

Wenye wanasema masomo ya serikali nayo ifanye hivi, sijui. Tangu masomo ya primeri iwe bure 2019 kuko madarasa yamejaa mpaka watoto wanne kwa benchi moja, huyo mwalimu ataandika maneno ya pembeni kwa nani na kwa nani? Hata hapa kwetu naona titileri anabeba farde (mafaili) za kusahihisha nyumbani kila siku, na sijasikia kama mshahara uliongezwa.

Bei iko juu kuliko majirani, kwa dola, na fotokopi wanahesabu pembeni, uliza mapema. Mimi wangu watabaki. Lakini kama wako anaingia sita na kule yuko hana shida, singemuhamisha sasa na ENAFEP iko mlangoni, wa tatu au wa nne ndiyo. Ukienda kuandikisha omba wakuonyeshe fishi moja yenye wamefuta jina, uisome kwa macho yako, na uwaulize wanageuza aje kuwa pointi. Wakikujibu ni kazi ya ndani, waambie na minervali (pesa ya masomo) nayo itabaki ndani.