Studio Zipi za Katuni Zinastahili Fedha za Familia: Mpangilio kwa Mnunuzi

Filamu ya watu wazima hutazamwa mara moja, pengine mbili, kisha ikasahaulika. Filamu ya katuni iliyonunuliwa kwa ajili ya watoto hurudiwa wiki baada ya wiki, mpaka nyumba nzima imezikariri nyimbo zake na mama aliye jikoni anajua tukio linalofuata kwa kusikia sauti tu. Kwa sababu hiyo, jambo la kujiuliza kabla ya kutoa fedha si kama filamu itachekesha leo, bali ni kama itapendwa ikiwekwa kwa mara ya kumi, na kama mtoto aliyeitazama akiwa na miaka mitano atakuta jambo jipya ndani yake akifika miaka kumi. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia kuzipanga studio kubwa. Hadithi nimeipa uzito kuliko picha, kwa kuwa picha huzeeka upesi. Toy Story ya 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, ina nyuso za watu ambazo leo zinaonekana ngumu na zisizo na uhai, lakini wivu wa Woody, mwanasesere wa zamani, anapoona nafasi yake kwa mtoto Andy inachukuliwa na mwanasesere mpya haujapungua nguvu hata kidogo.

Pixar, studio iliyotengeneza filamu hiyo, ndiyo ninayoiweka ya kwanza. Waongozaji wake wana desturi ya kuonyeshana kazi ambazo hazijakamilika na kukosoana bila kuoneana haya, na hadithi isiyosimama huvunjwa na kujengwa upya hata kama muda umekwisha. Toy Story 2 ya 1999 ilianza kama kazi ya kutolewa moja kwa moja kwenye kanda za video. Ilipoonekana kwamba haitoshi, ilitengenezwa upya kwa muda wa miezi kama tisa, na wako wanaoiona bora kuliko ile iliyoitangulia. Mwenye fedha za kununua chache za studio hii aanze na Finding Nemo (2003), The Incredibles (2004), Ratatouille (2007), Inside Out (2015) na Coco (2017). Inside Out inawafanya wahusika kutokana na hisia za msichana wa miaka kumi na mmoja, na inafika mahali ambapo Furaha anatambua kwamba Huzuni naye ana kazi yake. Sijui filamu nyingine inayomrahisishia mzazi namna hii mazungumzo na mtoto ambaye hajui kusema kinachomsumbua. Coco inasimulia habari za mvulana wa Mexico anayeingia katika nchi ya wafu, ambako marehemu hudumu kwa muda wote ambao walio hai bado wanawakumbuka, na mzee anayeitazama pamoja na wajukuu hatakuwa mgeni kabisa wa mawazo hayo.

Ni haki kumwonya mnunuzi kwamba Pixar haiogopi kifo. Finding Nemo inaanza kwa kuuawa kwa mama wa samaki mdogo, na Up ya 2009 inapitia, katika dakika zake za mwanzo na karibu bila maneno, maisha yote ya wanandoa waliokosa mtoto, hadi mke anapofariki. Ni uandishi wa hali ya juu, lakini mtoto aliyefiwa karibuni asiachwe aitazame peke yake. Wala jina la studio si dhamana kamili: Cars 2 ya 2011 na Lightyear ya 2022 ziko chini sana ya kiwango cha nyumba iliyozitoa, na zinaweza kuachwa dukani bila hasara.

Nafasi ya pili naipa Studio Ghibli ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1985, ingawa najua kwamba wazazi wengi wa kwetu hawajaizoea na kwamba filamu zake si rahisi kuzipata madukani. Ubora wake uko katika uchoraji wa mkono na katika subira. My Neighbor Totoro ya 1988, iliyoongozwa na Hayao Miyazaki, haina adui wala vita. Ina dada wawili waliohamia kijijini na baba yao, mama aliyelazwa hospitali, na mnyama mkubwa wa msituni ambaye watoto hao tu ndio wanaomwona. Mtoto wa miaka minne anaweza kuitazama bila kushtuka, na mtu mzima anaweza kuitazama kwa ajili ya mvua na mashamba ya mpunga peke yake. Kiki's Delivery Service (1989) na Ponyo (2008) zinafuata kwa urahisi, na Spirited Away, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003, ningeiacha mpaka mtoto afike miaka minane hivi, kwa sababu ya tukio la wazazi wanaogeuka nguruwe na mazimwi yanayofuata.

Hapa pana hatari moja ambayo kila mnunuzi lazima aijue. Totoro ilipotoka Japani ilionyeshwa pamoja na filamu nyingine ya studio hiyohiyo, Grave of the Fireflies, iliyoongozwa na Isao Takahata. Hiyo ya pili ni habari ya kaka na dada yake mdogo wanaokufa kwa njaa baada ya Kobe kuchomwa kwa mabomu mwaka 1945. Ni kazi kubwa ya sanaa, lakini si ya kuwanunulia watoto wadogo, hata kama picha ya kasha lake inaonyesha watoto wawili wazuri. Princess Mononoke (1997) nayo, kwa mikono na vichwa vinavyokatwa vitani, ni ya vijana.

Walt Disney Animation ni ya tatu, na jambo hilo huwashangaza wengi, kwa kuwa ndilo jina ambalo kila mtu analijua. Studio iliyotoa Snow White and the Seven Dwarfs mwaka 1937 imekuwa na vipindi vya neema na vya ukame, na mnunuzi mwangalifu hununua kipindi badala ya kununua jina. Kipindi kinachoanza na The Little Mermaid (1989) kilileta Beauty and the Beast (1991), filamu ya katuni ya kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya mwaka, kisha Aladdin (1992) na The Lion King (1994). Hii ya mwisho ningeinunua kabla ya nyingine zote za studio hii. Ina urithi, hatia na kurudi nyumbani, ndani ya muda usiofika saa moja na nusu, na watoto wa Kiswahili hufurahi kusikia majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa wakiyaelewa bila msaada. Muuzaji asikupe ile ya 2019 akidai kwamba ni ileile iliyoboreshwa. Wanyama wa 2019 wametengenezwa wafanane na wanyama halisi kiasi kwamba nyuso zao hazionyeshi hisia, na mtoto anayetaka kujua Simba anajisikiaje babake anapokufa hupata jibu kamili kwenye mchoro wa 1994. Katika za karibuni, Zootopia na Moana, zote za 2016, pamoja na Encanto ya 2021, zinastahili bei yake. Frozen ya 2013 inastahili pia, ingawa nyumba itakayoinunua ijiandae kwa wimbo wake. Wish ya 2023 sioni sababu ya kuinunua.

Jambo linalowapotezea wanunuzi wa Disney fedha nyingi ni mwendelezo uliotengenezwa kwa ajili ya video peke yake. Tangu The Return of Jafar ya 1994, kampuni ilitoa kwa miaka mingi sehemu za pili na za tatu za hadithi zake maarufu kwa gharama ndogo, na kazi hiyo ilifanywa na idara nyingine, si wachoraji wa filamu za kwanza. Kasha linafanana, wahusika ni walewale, lakini mwendo wa picha ni mzito na hadithi ni nyepesi. Ukiona namba 2 au 3 kwenye filamu ya Disney ya miaka ya 1990 au ya mwanzoni mwa 2000, uliza kwanza kama iliwahi kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Jibu likiwa hapana, mara nyingi afadhali kuirudisha rafuni.

DreamWorks naiweka ya nne kwa sababu haitabiriki. Kilele chake kinafikia cha Pixar: How to Train Your Dragon (2010), Kung Fu Panda (2008), na The Wild Robot (2024), ambayo roboti wake aliyepotelea kisiwani na kumlea kifaranga cha bata bukini amepewa sauti na Lupita Nyong'o. Sauti hiyo inaanza ikiwa baridi kama ya mashine na inapata joto taratibu, na ni moja ya kazi bora za sauti nilizozisikia katika katuni. Kwa upande mwingine, studio hiyohiyo ilitoa Shark Tale (2004) na Shrek the Third (2007), ambazo zinategemea mizaha ya wakati wake na hazina kitu mizaha hiyo inapochuja. Shrek ya kwanza (2001) na ya pili (2004) bado zinachekesha, lakini zina utani wa chooni na mafumbo ya watu wazima ambayo baadhi ya wazazi hawatayapenda sebuleni. Puss in Boots: The Last Wish (2022) ni nzuri mno, ila mbwa mwitu wake, ambaye ni Kifo mwenyewe, huwatisha wadogo. The Prince of Egypt (1998), juu ya maisha ya Musa, ina michoro na nyimbo za heshima kubwa, na familia nyingi za Kikristo zitaithamini. Familia za Kiislamu zisizokubali mitume kuigizwa kwa sura na sauti zijue hilo kabla ya kununua.

Sony Pictures Animation inafuata. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 ilibadilisha sura ya katuni za kompyuta kwa kuzifanya zionekane kama kurasa za vitabu vya picha vilivyochapishwa, na ninaipendekeza kwa watoto wa miaka tisa kwenda juu. Mwendelezo wake wa 2023 unaishia katikati ya hadithi, kwa hiyo anayeununua anunue akijua. The Emoji Movie ya 2017 haifai kwa bei yoyote. Illumination, watengenezaji wa Minions (2015), ndiyo ya mwisho kati ya wakubwa. Inatumia fedha kidogo kuliko wenzake na kupata nyingi, na filamu zake ni mizaha iliyopangwa kwa mfululizo. Despicable Me ya 2010 ndiyo pekee ningeiweka kabatini, kwa kuwa ndani yake mwizi anayewachukua mayatima watatu kwa hila anageuka kuwa baba wa kweli.

Kuna familia ambayo mpangilio huu hautoshi, nayo ni ile yenye mtoto asiyejua Kiingereza na ambaye bado hajaweza kusoma manukuu. Filamu zilizotafsiriwa na ma-DJ ni burudani nzuri kwa za mapigano, lakini katika katuni sauti ya msimulizi hufunika nyimbo na minong'ono, na huko ndiko nusu ya filamu ilipo. Kwa mtoto huyo ningeanza na Aardman ya Bristol, Uingereza, wanaotumia vinyago vya udongo vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Shaun the Sheep Movie ya 2015 haina mazungumzo kabisa, na kondoo wake huchekesha vilevile Kigoma na Muscat. Kwa mtoto mkubwa kidogo ipo Flow ya 2024 kutoka Latvia, habari ya paka katika mafuriko, ambayo haina neno hata moja na ilishinda Oscar mwaka 2025. WALL-E ya Pixar (2008) nayo huenda sehemu kubwa ya mwanzo wake bila maneno.

Ukishachagua, soma kasha. Zipo filamu za kuiga zenye majina na picha zinazokaribiana na za studio kubwa, zilizotengenezwa ili mzazi mwenye haraka akosee. Nembo ya studio ikikosekana, au muda ulioandikwa usipofika saa moja, weka chini. Anayenunua kwa intaneti ajue kwamba analipia haki ya kutazama iliyofungwa kwenye akaunti yake, hivyo apakue filamu mahali penye Wi-Fi kabla bando halijaliwa na mtoto anayerudia tukio moja jioni nzima. Na ndugu walio nje wanaotuma DVD waangalie namba ya eneo iliyo nyuma ya kasha: Marekani ni 1, Ulaya na nchi za Ghuba ni 2, Afrika Mashariki ni 5, na deki isiyosoma maeneo yote itaikataa diski ya eneo lingine. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa Afrika, Ulaya na Ghuba ziko pamoja katika eneo B. Diski ya London itacheza Mombasa, ila ile ya Minneapolis, Marekani, ikiwa imefungwa kwa eneo A, haitacheza.