TAHADHARI: Hela ya viingilio na kambi ya Serengeti na Ngorongoro usimtumie mtu mfukoni, lipa mwenyewe

Habari zenu ndugu zangu. Hii ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie, kuna familia nyingi saa hizi zinajichanga kwa ajili ya likizo ya Desemba na tapeli wa safari za mbugani aliyekula hela yetu bado yuko hewani anapokea hela za watu. Wiki iliyopita tu kuna dada kaniuliza kuhusu akaunti yake, ameiona ina picha nzuri na wafuasi kibao akataka kulipa. Jina siliweki hapa, suala liko polisi, na pia tangu Julai ameshabadilisha jina la akaunti mara mbili kwahiyo hata nikiliandika halitawasaidia. Nawaeleza anavyofanya, maana hiyo ndo haibadiliki.

Ilikuwa hivi. Dada yangu anaishi Ujerumani, ameolewa huko, na mwaka huu alikuja na mume wake na mtoto wao wa miaka 10. Mama yetu ana miaka 71, mzaliwa wa Bunda. Ile barabara ya Mwanza kwenda Musoma inayopita pale geti la Ndabaka ameipita maisha yake yote, akienda mnadani, akienda misibani, akiwa na sisi mgongoni, na ndani hajawahi kukanyaga hata siku moja. Nyumbu kawaona kwa dirisha la basi tu. Tukakaa na dada tukasema safari hii mama anaingia Serengeti, analala humo humo, anaamka anasikia simba. Tulikuwa saba: mama, mimi na mke wangu, binti yangu wa miaka 9, dada, shemeji na mtoto wao. Siku nne, usiku mbili Seronera, katikati ya Serengeti, kwenye kambi ya kawaida, usiku mmoja kambi ya Simba kule juu ya kreta ya Ngorongoro, asubuhi tushuke kreta halafu turudi Arusha.

Huyu mtu nilimpata mimi, Instagram. Na niseme ukweli, anaijua kazi. Wengi mtaniambia ukiona bei rahisi kimbia, hii haikuwa bei rahisi jamani, ndo maana tukaingia. Alinipigia akanichanganulia kila kitu vizuri kabisa, na viwango alivyotaja nilikuja kuvikuta geti vile vile. Kwamba raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, mtu mzima Serengeti ni 10,000 ukiongeza VAT inakuwa 11,800, mtoto wa miaka 5 mpaka 15 ni 2,360. Mgeni analipa kwa dola, Serengeti kwa mwezi wa Julai tuliopanga kwenda ni 70 na VAT yake inafika 82.60, mtoto wake 23.60, Ngorongoro mtu mzima 70.80. Kambi ya kawaida Serengeti mgeni ni dola 35.40 kwa usiku. Gari la wageni kushuka kreta ni dola 250 na VAT, yaani 295 kila mnaposhuka. Na kuna kitu wengi hawakijui, ukienda Serengeti kwa njia ya Karatu unakatiza ndani ya Ngorongoro, kwahiyo Ngorongoro unailipia wakati wa kwenda na unailipia tena wakati wa kurudi, hata kama siku ya kwanza hujashuka kreta na umepita tu. Yote haya alinieleza yeye. Nilimwona mkweli mno, mwingine angenificha hiyo ya kulipa mara mbili.

Hesabu yenyewe ilileta maana. Sisi raia watano (dada bado ana pasipoti ya Tanzania), viingilio vyetu vyote kwa siku nne havifiki hata laki mbili. Shemeji peke yake, kuingia tu bila kambi, ni dola 306.80, karibu laki nane. Ukijumlisha na mtoto wao ambaye ana pasipoti ya Kijerumani, na kambi, na kreta, akasema viingilio na kambi jumla ni 2,650,000. Gari, mahema na mpishi 2,400,000. Ya gari akasema tulipe nusu, nyingine tukifika Arusha. Ila ya viingilio akataka yote, na akataka kabla ya Julai mosi, "kaka tuwahi, mwaka wa serikali ukianza bei zinapanda, tukishalipia sasa hivi tumejiokoa." Na ni kweli viwango vya hifadhi vikibadilishwa mara nyingi vinaanza Julai mosi, kwahiyo hata hilo halikuwa uongo mtupu. Namba ya kutuma ilikuwa ya simu, jina la mwanamke, akasema ni mhasibu wake. Hapo ndo nilipotakiwa kusimama. Sikusimama, nikatuma.

Baada ya siku mbili akaniletea PDF. Ina nembo, ina majina yetu wote saba, ina kontrol namba (ile namba ya kulipia malipo ya serikali) yenye tarakimu 12, ina ile mistari ya kuskani na simu. Nikaiprinti rangi, nikaiweka kwenye bahasha moja na vitambulisho vya NIDA vya watu wote. Nilikuwa naiangalia kila siku ile karatasi.

Julai tukatoka Arusha alfajiri, Land Cruiser ilikuja kweli, dereva mtu mzima mstaarabu sana, ila mpishi hakuwepo, tukaambiwa ametangulia. Saa tatu na nusu tuko geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Mama kakaa kwenye ngazi na chupa yake ya chai na mkoba, sisi tumepanga foleni dirishani. Natoa bahasha. Yule dada wa dirishani akaingiza namba, akaangalia skrini, akaingiza tena. Akaniuliza, "Kaka hii mmelipa lini?" Nikamwambia mwezi uliopita, risiti hiyo hapo. Akageuza karatasi upande wangu akaweka kidole kwenye neno moja juu kabisa ambalo nimelisoma mara mia bila kuliona. ANKARA.

Jamani. Ankara ni deni. Ile ni karatasi inayosema unatakiwa ulipe, haisemi umelipa. Namba ni ya kweli, mfumo ni wa kweli, kila kitu cha kweli, ila hakuna aliyeweka hata senti na muda wake ulikuwa umeshapita. Na kibaya zaidi ilikuwa ya mara moja tu ya Ngorongoro, ya Serengeti haikuwepo kabisa, na humo ndani ametuandika wote saba kama raia wa Afrika Mashariki, shemeji yangu na nywele zake za njano ameandikwa raia! Jumla ya deni lenyewe lilikuwa 63,720. Watu wazima watano mara 11,800, watoto wawili mara 2,360. Yaani mtu kachukua 2,650,000 yetu na hata hiyo elfu sitini na tatu hakuilipa.

Nikampigia, inaita haipokelewi. Nikapiga tena, haipatikani. Dereva naye akapiga, hola. Ndo dereva akatuambia kuwa tajiri wake mwenye gari amelipwa siku moja tu, nyingine aliahidiwa akishatufikisha. Mpishi hamjui, mahema hayapo, nyuma ya gari kuna viti vya kukunja vinne na jiko moja. Wakati tunabishana hapo nyani akamfuata mama pale kwenye ngazi, akavuta mfuko wa mikate na ndizi akakimbia nao juu ya paa, mtoto wa dada akaanza kulia kwa hofu, na mama anatuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani wanangu kuna nini, tumekatazwa?" Hilo swali nimelala nalo mpaka leo.

Yule dada wa geti alitusaidia sana, Mungu ambariki. Alitueleza kwamba pale geti hawapokei hela taslimu, ni kadi au kontrol namba, akatutengenezea mpya ya sisi raia nikailipa mwenyewe kwa simu nimesimama pale pale, meseji ikaingia, kwake ikasoma imelipwa. Dakika tano hazikufika. Shemeji akalipa yake na ya mtoto kwa kadi, na dola 295 za kreta. Hela ya Serengeti hatukuwa nayo tena. Dereva akaongea na tajiri wake tukaelewana siku mbili, akatuazimia mahema kwa wenzake, tukalala Simba usiku mmoja kwa baridi ile ya kule juu, na asubuhi tukashuka kreta. Mama aliona tembo, simba, faru kwa mbali. Alifurahi, alishukuru. Ila Serengeti kaiacha mbele yake, kwa mara nyingine.

Njiani kurudi dereva ndo akanifungua macho kuhusu mambo ambayo ningeyajua tangu mwanzo ningemkamata huyu mtu mapema. Kwanza alituahidi tukiwa Seronera tutaona nyumbu wakivuka mto Mara. Julai na Agosti wanavukia kule kaskazini, upande wa Kogatende, kutoka Seronera ni mwendo wa masaa na huwezi kwenda kutazama na kurudi kupiga hema huku ukabaki na siku ya kufanya kitu kingine, mtu wa kazi asingekuahidi hivyo kwenye ratiba ya siku nne. Pili, kibali cha Serengeti ni masaa 24 tangu ulipogongewa getini, kwahiyo ukiingia geti la Naabi saa sita mchana na umelipia siku mbili, saa sita mchana ya siku ya tatu uwe umetoka, ukichelewa unalipa siku nyingine. Kwenye ratiba yake alituandikia kuingia Naabi asubuhi na kutoka jioni, hiyo ni siku ya tatu ya kulipia na hakuna aliyeipigia hesabu. Mtu anayelipa kweli viingilio kila wiki hawezi kukosea hilo.

Kuhusu leseni, nilimuuliza na akanitumia picha ya leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii. Nilipokuja kuikagua baadaye jina la kampuni kwenye leseni sio jina la akaunti, akasema ni "kampuni mama". Leseni ya TALA inatolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, jina lililoko humo ndo linatakiwa liwe jina kwenye akaunti ya benki unayotumia kulipa. Mhasibu wa kutumiwa kwenye simu hayupo.

Alinipigia baada ya siku nne kwa namba nyingine. Akasema mfumo ulisumbua, hela ipo, atarudisha Ijumaa. Ijumaa akasema Jumatatu. Jumatatu akaniblok. Tumeripoti polisi Arusha tukapewa RB (namba ya taarifa yetu polisi), na namba zake zote mbili nimezituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Mwenye gari naye ametoa maelezo, naye anamdai.

Sasa kwa mnaojipanga, naomba muelewe kitu kimoja, hela ya gari na chakula na mahema ni ya kampuni, lipa kampuni mkielewana. Hela ya kiingilio na kambi ni ya serikali. Haina sababu ya kupita kwa mtu. Kampuni ya maana ukiiambia itoe kontrol namba halafu nitalipa mwenyewe haikasiriki, inakupa, na ukiiweka kwenye app ya benki kabla hujaweka namba ya siri inakuletea jina la taasisi na kiasi. Kagua hicho kiasi. Kama mna mgeni na jumla imekuja ya elfu sitini, mmeandikwa vibaya na mtakwama getini. Wenye watoto wenye pasipoti za nje msijidanganye, mtoto analipa kwa pasipoti yake hata kama mama ni mtu wa Bunda. NIDA beba ya kila mtu mzima, sio picha kwenye simu. Na mkitaka kulala lodge ndani ya hifadhi badala ya kambi ulizeni tozo ya kulala humo imo kwenye bei au haimo, kwa wageni ni hela nyingi.

Kama ulishamtumia mtu hela ya viingilio vya Desemba na una karatasi ina nembo, fanya hivi leo, usisubiri kesho. Chukua ile kontrol namba, fungua malipo ya serikali kwenye simu yako, iingize kama unayetaka kulipa. Ikikubali na kukuletea kiasi, usifurahi. Maana yake hakuna aliyelipa. Na kama ni huyu huyu wangu, mtu wa "mhasibu wangu" na "tuwahi Julai mosi", sasa hivi nasikia anasema tuwahi Krismasi, njoo inboksi nikupe namba ya RB tuunganishe maelezo, mpaka sasa tuko familia tatu.