Kipimo cha siki au kipimo cha HPV?

Vyote viwili ni vya kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo cha siki ni cha haraka. Mhudumu anapaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, kisha anaangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Jibu unaondoka nalo, na mara nyingi tiba hutolewa siku hiyohiyo. Ila kinategemea jicho la mhudumu, na kwa aliyekwisha koma hedhi hakifai sana.

Cha HPV kinatafuta kirusi chenyewe, yaani HPV, kinachosababisha saratani hiyo. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakipa kipaumbele: kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, anayeishi na VVU aanze na miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba sampuli unaweza kuichukua mwenyewe, faraghani. Dada zetu wengi hawakwepi kupima kwa uzembe. Wanaona haya kupanda kile kitanda. Tatizo ni kusubiri majibu. Tena kukutwa na kirusi si kukutwa na saratani, na hilo mwanamke aelezwe mapema.

Vikiwepo vyote, ningechagua cha HPV. Kikiwepo cha siki tu, kapime hichohicho.