Nimeuziwa betri, kumbe ubovu ni kopa za stata (gereji ya Mwanga, Kigoma)

Jina la gereji silitaji, ila ukitaka kuuziwa betri usiyoihitaji, utaipata tu hapa Mwanga. Gari ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli aina ya 3L. Ukizungusha ufunguo inasema "tak!" moja, basi, kimya. Nililiacha pale asubuhi. Niliporudi na mita yangu ya volti, betri mpya saizi ya N70 imeshafungwa, bei imeshaandikwa, na gari bado linasema "tak!"

Fundi hakuwa amepima kitu. Hata taa hakuangalia, na taa ndizo kipimo cha kwanza ambacho hakina gharama: washa taa kubwa, mtu apige stata. Zikififia mpaka karibu kuzimika, hangaika na betri, vichwa vyake na waya wa athi (ule wa hasi unaoshika injini na bodi). Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka haraka, betri haina nguvu, busti uondoke. Kimya kabisa bila hata tak, fuata fyuzi, swichi ya ufunguo na ule waya mwembamba unaoingia kwenye stata. Lakini tak moja nzito, taa zikabaki vile vile? Betri haihusiki.

Mita ilisema hivyo hivyo. Gari limetulia volti 12.6, stata ikipigwa 12.4. Betri mbovu ingeporomoka chini ya 9.6. Mota ya stata iliyokwama nayo ingeishusha vibaya. Isiposhuka, maana yake umeme mkubwa haupiti, kuna mahali njia imekatika. Na njia hiyo inaunganishwa na solenoidi, swichi kubwa ya stata, kwa vipande vya shaba tunavyoviita kopa. Nikamwambia, "Fundi, fungua solenoidi tuone kopa." Akanijibu mbele ya wateja, "Mzee, unanifundisha kazi? Kama unajua, katengeneze kwako." Kisha akageuza kibao: sasa stata nzima imekufa, iagizwe ya mtumba kutoka Dar! Na betri, eti ikishafungwa hairudishwi.

Nyota sifuri, na hiyo sifuri nimemwonea huruma.

Ila haki isemwe. Bosi alipoondoka kwenda kula, kijana wake alikuja taratibu: "Mzee wangu, tuishushe." Huyo dogo ni fundi. Kabla ya kushusha akapima ule mguu wa solenoidi unaopeleka umeme kwenye mota. Nilipiga stata, tak ikasikika, mita pale ikasoma sifuri. Ingesoma volti 12 na mota haizunguki, ungetafuta kaboni, zile brashi zinazoingiza umeme ndani ya mota. Akapima tena kutoka hasi ya betri mpaka ganda la stata. Ikizidi nusu volti wakati wa kupiga, athi ina kutu. Yetu ilikuwa safi. Ndipo akafungua kwanza hasi ya betri (wangapi wanakumbuka?), akaishusha stata.

Kifuniko cha nyuma cha solenoidi kina bolti tatu ndogo. Ndani kuna pistoni yenye sahani ya shaba, na kopa mbili ambazo sahani inatakiwa kuzigusa kwa pamoja. Ya upande wa betri ilikuwa imeliwa na cheche mpaka karibu na kichwa cha bolti yake, ya pili imebaki nene. Sahani inagusa moja, nyingine inaikosa. Na kwa kuwa sahani huzunguka kidogo kila ikirudi, ndiyo maana gari la namna hii hugoma mara tisa likawaka ya kumi, na mwenye gari akadhani limepona.

Kopa mpya mbili hazifiki hata bei ya dumu dogo la mawese. Akapiga sahani msasa, akapanga kopa kimo kimoja, akarudisha zile washa za plastiki. Ukizisahau, umeme wa betri unagusa ganda moja kwa moja na utaona moto. Nati alikaza kiasi, maana ukizidisha bolti inazunguka na plastiki inapasuka. Akaijaribu chini, ameikanyaga barabara kwa sababu stata huruka. Ikalia kama mpya. Kazi yote haikuchukua hata masaa mawili.

Kwa hiyo sijui niseme msiende au nendeni. Nendeni bosi akiwa hayupo. Na kama bado hamjapata kopa, sisi wa Kigoma tuna mteremko wa kushuka stesheni: swichi oni, gia ya pili, achia klachi gari likishachanganya. La otomatiki hapana, msijisumbue.

Gari linawaka kwa mguso mmoja tangu siku hiyo, na nilikuwa nimeshaanza kumsamehe yule bwana. Kisha nikakumbuka: betri yangu ya zamani, ile isiyokuwa na kosa, iko wapi? Nimeulizia mara mbili. Anasema "ilitupwa". Nani anatupa N70 nzima?