Usiku wa mjini Mombasa: Makadara Road mpaka Lighthouse

Ukiuliza starehe za usiku Mombasa, jibu la haraka huwa Mtwapa au Nyali: muziki, bia, taa za rangi. Mimi ni mtu wa kula na soga, kwa hivyo kura yangu iko kisiwani. Naanzia Makadara Road, ukingoni mwa Mji wa Kale, namalizia Lighthouse, kando ya bahari.

Usiende mapema. Magharibi makaa ndiyo kwanza yanapepewa. Watu wakishatoka kuswali Isha ndipo mtaa unapochangamka: viti vya plastiki vinajaa nje, tuktuk zinapenya kwa honi, moshi wa mishkaki unakuganda nguoni. Mimi huagiza mkate wa mayai, tena husimama karibu na jiko makusudi nimtazame mpishi. Donge la unga hulivuta mpaka liwe jembamba kama leso, akatia kima na yai na kitunguu, akakunja pande zote nne na kuugeuza kwenye chuma chenye mafuta. Ukipoa hauna maana. Ule papo hapo, na ndimu. Mishkaki nayo ni kwa ukwaju. Ukiletewa tomato ya chupa, rudisha.

Pombe huikuti kwenye hoteli nyingi za upande huu, na nadhani ndiyo sababu saa nne usiku bado unaona familia nzima mezani, bibi na wajukuu, mtoto mdogo kalalia bega la mamake. Anayetaka kucheza dansi atachoka upesi.

Kasoro zipo. Mahali pamoja menyu ilikuwa ya mdomo tu, na kwa kuwa nilikuwa na wageni kutoka bara, hesabu ikaja imenona. Uliza bei kwanza. Kuegesha gari ni adhabu, liache nyumbani.

Lighthouse, yaani Mama Ngina Waterfront, ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2019. Wako wanaolilia ile ya zamani. Mimi mradi mibuyu ipo, na muhogo wa kuchoma bado unapasuliwa ukapakwa pilipili na ndimu mbele yako, sina neno. Shushia na dafu. Meli ikiingia Kilindini inapita karibu hapo hapo, kubwa hata soga zinakatika, watoto wanaipungia mikono.

Chakula nakipa nyota tano, maegesho moja. Na tuktuk ya kurudi, patana bei kabla hujapanda, hasa wikendi.