Fundi wa kompyuta za magari Kizota, Dodoma: anapima kwanza, spea baadaye

Kama umebadilisha injini na gari halijatulia, lipeleke kwa huyu kijana wa Kizota kabla hujatoa hata senti ya kontroo boksi (kompyuta ya injini) nyingine. Nasema hivi kwa sababu gereji iliyonifungia injini ilikuwa imeshaniambia dawa ni kontroo boksi tu, na bei nikapewa: shilingi 350,000, ya mtumba, bila dhamana. Leo natembelea kontroo boksi ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya 2003, otomatiki, throto (mlango wa hewa ya injini) ya waya. Nakaa Nkuhungu, nafundisha Bahi, kwa hiyo barabara ya Singida ndiyo maisha yangu asubuhi na jioni. Injini ya zamani, 2NZ ya cc 1300, ilikula oili mpaka ikaanza kugonga. Nikaletewa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, 1NZ ya cc 1500. Hizi ni injini za ukoo mmoja, zinakaa kwenye maunti zile zile na gia boksi inapokea, ndiyo maana kila fundi atakuambia ni kazi nyepesi. Na kweli, kuingia iliingia. Taabu ilianza baada ya kuwaka. Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe. Taa ya cheki injini haizimi. Petroli inanuka nyuma, plagi ukizifungua ni nyeusi tititi, na asubuhi za Julai, ambazo Dodoma zina baridi ya kweli, gari linakohoa mpaka ufike lami. Kabla ya hapo nilizoea kilomita 14 kwa lita. Ikawa 10.

Gereji ya huyu kijana iko upande wa Kizota, ndani kidogo ukitoka barabara ya Singida, eneo la maghala. Haina bango. Ukiuliza fundi kompyuta, vijana wa bodaboda watakuelekeza. Kuna mwarobaini mmoja wa kukaa chini yake na benchi, basi. Nilivyofika akanishikamoo, akaniuliza, "Mwalimu, injini hii ilikuja na vitu gani, na nini kilihamishwa kutoka injini ya zamani?" Hakuna fundi mwingine aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nilimweleza kwamba injini ya Dar ilikuja na throto ya umeme, isiyo na waya, kwa hiyo gereji ya kwanza ikachukua throto yangu ya zamani na kuifunga pale. Nozeli, zile zinazonyunyiza petroli ndani ya injini, ziliachwa zilizokuja na injini. Akaandika yote kwenye daftari kabla hajafungua boneti.

Nilikuwa na kile kidude cha bluetooth cha ELM327 ambacho kaka yangu alininunulia ili nisome mwenyewe kompyuta ya gari kwa simu. Kilikuwa hakishiki kabisa, simu inazunguka tu, na nilidhani ni kibovu. Akanifahamisha kwamba Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile zina soketi inayofanana na ya magari mengine, lakini lugha ya mawasiliano ndani yake ni ya Toyota wenyewe, na vidude hivyo havikuandaliwa kwa lugha hiyo. Kwa gari jipya zaidi kitafanya kazi. Kwa IST ya 2003 inatakiwa mashine yenye programu ya Toyota, na yeye anayo. Hilo peke yake lingenisaidia nisiendelee kununua vidude.

Kodi ya hitilafu iliyokuwemo kwenye kompyuta ni P0172, maana yake mchanganyiko una petroli nyingi kuliko hewa. Hapa ndipo mafundi wengi wanaposimama: wanasoma kodi, wanataja spea. Yeye aliiandika, akaiacha kando, akaanza na betri. Volti 12.6 imezimwa, 14.1 injini ikiwaka, sawa. Kisha akaweka waya mmoja wa mita kwenye bloku ya injini na mwingine kwenye hasi ya betri, akaniambia nipige stata. Mita ikaonyesha karibu volti 0.9. Kwa maelezo yake hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri, haipendezi hata kuvuka 0.2. Akaniwashia taa kubwa na feni huku mashine imeunganishwa, nikaona kwa macho yangu namba ya joto la injini ikitikisika, wakati injini haiwezi kupoa na kupata moto ndani ya sekunde moja. Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, haukurudishwa. Ulibaki kwenye injini ya zamani. Akaweka mpya, mnene, akasugua rangi pale unapokaa mpaka chuma kikaonekana. Kama kontroo boksi ingebadilishwa, hata hiyo mpya ingesoma uongo ule ule.

Baada ya hapo ndipo akaenda kwenye mafuta, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Alinieleza hivi, na ninaandika nilivyoelewa. Kontroo boksi inaangalia uzito wa hewa inayopita kwenye sensa iliyo kwenye ea klina, inapiga hesabu ya petroli inayohitajika, halafu inafungua nozeli kwa milisekunde chache. Inajua nozeli inatoa kiasi gani kwa kila milisekunde kwa sababu iliandikiwa hivyo kiwandani. Ukifunga nozeli zinazomwaga zaidi, yenyewe haina habari. Inafungua muda ule ule, petroli inazidi, sensa ya oksijeni kwenye egzosi inatoa taarifa, na boksi inaanza kupunguza asilimia kwa asilimia. Ikifika mwisho wa ruhusa yake, inawasha taa. Na kwenye baridi ya asubuhi, au ukikanyaga mafuta mpaka chini, haisikilizi sensa ya oksijeni, inafuata hesabu zilizomo ndani yake, kwa hiyo pale petroli inayozidi haina wa kuirekebisha papo hapo.

Kwenye mashine tukasoma. Injini ikiwa sailensi, boksi inapunguza asilimia 15. Akapandisha resi mpaka mizunguko 2,500 na kuishikilia: inapunguza asilimia 26. Ningekuwa mimi ningeona namba mbili mbaya tu. Yeye alinyamaza, akarudia, akasema, "Mama, hapa kuna magonjwa mawili na moja linamficha mwenzake." Kama tatizo lingekuwa nozeli peke yake, namba zingekaribiana chini na juu. Kitu fulani kilikuwa kinaingiza hewa ya wizi kwenye sailensi, hewa isiyopita kwenye sensa, na hiyo ilikuwa inapunguza makali ya petroli iliyozidi.

Akapima presha ya mafuta kwanza. Ilikuwa psi 47, na ya injini hizi inatakiwa kati ya 44 na 50. Pampu ikasalimika, ingawa gereji ya kwanza ilikuwa imeiweka kwenye orodha ya vitu vya kununua. Ndipo akatoa nozeli. Namba zilizoandikwa kwenye mwili wake hazikufanana na za zamani, ambazo kwa bahati zilikuwa bado kwenye boksi la spea nililokabidhiwa. Akaziweka zote kwenye mashine ya kusafishia na kupimia, muda sawa, presha sawa. Za zamani baada ya kusafishwa zilitoa mililita 52 kila moja, zikipishana kidogo sana. Zilizokuja na injini zilitoa 70. Piga hesabu mwenyewe: 52 gawanya kwa 70 ni asilimia 74, yaani pungufu ya asilimia 26. Ile ile iliyokuwa kwenye mashine. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na sijawahi kuona hesabu ikifunga vizuri namna ile chini ya mwarobaini.

Alifunga nozeli za zamani na ori (vipira vya duara vya kuziba) mpya. Namba kwenye mizunguko 2,500 ikawa kuongeza asilimia 1 tu, nzuri kabisa. Kwenye sailensi ikageuka: sasa boksi inaongeza asilimia 14. Ugonjwa wa pili ukatoka mafichoni. Akapuliza moshi wa mashine kwenye mpira wa hewa, na moshi ukatokea chini ya throto. Gasketi ilikuwa ya zamani, imerudishwa ilivyo, imepasuka upande usioonekana. Mpira mdogo wa kupumulia wa injini nao ulikuwa na ufa. Vitu hivyo viwili viligharimu shilingi 18,000. Akasafisha throto, akapulizia sensa ya hewa dawa yake, maana vumbi letu hapa linaganda kwenye ule waya mwembamba na kuifanya ihesabu hewa pungufu, akafuta kumbukumbu, akaacha injini ijifunze sailensi upya bila kuigusa. Namba zikatulia ndani ya asilimia 4 juu na chini.

Kabla ya kulipa tulitoka nayo kuelekea Bahi, mimi naendesha, yeye ameshika mashine. Aliniomba nikanyage mpaka mwisho mahali palipo wazi. Alitaka kuhakikisha nozeli ndogo zinaitosha injini kubwa. Sensa ya oksijeni ilikaa juu ya volti 0.8 muda wote, maana yake petroli haipungui pale injini inapobeba mzigo. Angekuwa mtu wa kuharakisha, angeniaga kwenye gereji baada ya taa kuzima.

Nilimuuliza pia kuhusu mwinuko, kwa sababu muuza injini wa Dar alikuwa amesema gari linalokwenda Dodoma lazima kompyuta yake isetiwe upya. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hilo ni kweli. Lakini gari lenye sensa ya aina hii linapima hewa kwa uzito wake, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi nayo inatoa petroli kidogo. Nguvu inapungua kiasi, mchanganyiko unabaki sawa. Hakuna cha kuseti, na hakunitoza hela ya kuseti.

Jambo jingine lililonipa imani naye ni kwamba hakuniambia kila kitu kimekamilika. Alisema wazi kwamba muda wa kuchoma plagi kwenye boksi yangu uliandikwa kwa ajili ya injini ya 1300, na kwamba sensa ya kugonga, inayosikiliza injini ikigonga, inasaidia kurekebisha ila si sawasawa na boksi ya 1NZ halisi. Nikitaka kuikamilisha siku moja, nitafute boksi ya IST ya 1500 yenye throto ya waya na gia ya otomatiki, pamoja na nozeli zake, kwa sababu boksi hiyo hiyo ndiyo inayoongoza gia. Ya throto ya umeme haitafaa. Na nisikubali iliyotoka kwenye gari lenye funguo ya chipu bila kupewa funguo yake, maana gari litakataa kuwaka. Ile ya shilingi 350,000 niliyokuwa naambiwa ninunue, hakuna aliyekuwa amenieleza ilitoka kwenye gari la namna gani. Akanikumbusha pia suala la TRA, mamlaka ya mapato, kwa kuwa kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake, na vyote viwili vimebadilika.

Sasa yasiyonipendeza. Simu hapokei akiwa kazini, na huwa kazini kutwa. Anapokea magari mengi kuliko anayoweza kuyamaliza, kwa hiyo ukiahidiwa jioni, panga kwamba ni kesho. Nozeli anazitoa uwanjani, na Dodoma na upepo wake wa Agosti tunaujua. Nilipomwambia, alipuliza juu ya injini kwa kompresa na kufunika matundu kwa kitambaa safi, lakini hilo angelifanya bila kuambiwa. Natamani sana apate chumba kilichofungwa kwa kazi hiyo. Kwa mwenye mtoto mdogo, pale hakuna pa kumweka wala choo cha maana.

Bei: kupima kwa mashine shilingi 30,000, na ukifanya kazi naye anaitoa kwenye malipo ya mwisho. Kusafisha na kupima nozeli 40,000. Jumla, pamoja na waya wa ethi, gasketi, mpira, ori na ufundi, nililipa 185,000, akaniandikia kila kitu kwa mkono pamoja na zile namba za kabla na baada. Nozeli nilizotoa alinirudishia zikiwa kwenye mfuko. Mafuta sasa ni kilomita 13 na ushee kwa lita, kwa injini iliyo kubwa kuliko ya mwanzo.

Nenda asubuhi kabla ya saa mbili, gari likiwa limelala bila kuwashwa ikiwa tatizo lako ni la baridi, na uchukue kila kitu kilichotoka kwenye injini ya zamani, hata kama gereji ya kwanza ilikuambia ni takataka. Jumapili hafungui.